Valvu za nguvu kwenye amplifaya za gitaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine. Kama unataka kujua tu ununue valvu gani, soma la 3, la 11 na la 14 kabla hujatoa pesa.

## Mambo ya msingi

1. Nikifungua amplifaya nyuma, valvu ya nguvu ni ipi?

Anza na ukubwa. Chupa ndogo za kioo, mara nyingi ECC83 (Wamarekani huiita 12AX7), ni za hatua ya awali: zinakuza mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye gitaa na kuyapitisha kwenye nobu za besi, midi na trebo. Chupa kubwa, kwa kawaida mbili au nne, ndizo za nguvu. Hizo ndizo zinazoisukuma spika kupitia transfoma ya kutolea sauti.

Inayochanganya watu ni EL84. Unene wake unakaribiana na ECC83, ila yenyewe ni ndefu zaidi. Pia ukiona chupa kubwa moja iliyokaa peke yake, soma namba kwanza: kama ni GZ34 au 5U4, hiyo ni rektifaya. Inageuza umeme tu, sauti ya gitaa haipiti ndani yake.

2. Herufi na namba zinasema nini?

Kwenye majina ya Ulaya, E inakuambia kwamba waya wa joto unatumia volti 6.3 na L kwamba ni valvu ya nguvu. Tatu ya mwanzo (EL34) inaonyesha kitako cha pini nane, na nane ya mwanzo (EL84) kitako kidogo cha pini tisa. Kwa Wamarekani, 6 ya mwanzo kwenye 6L6 na 6V6 ni hizo hizo volti 6.3.

Valvu moja inaweza kuwa na majina mawili: EL84 ni 6BQ5, na EL34 ni 6CA7. Hapo pa mwisho kuna mtego kidogo. Baadhi ya 6CA7 zimeundwa kwa namna tofauti na EL34 ndani ya kioo, zina chupa nene, na besi yake ni ngumu zaidi.

3. Ni kweli kila valvu ina sauti yake, au ni maneno ya wauzaji?

Tofauti ipo na inasikika, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Valvu ikiwa mezani haina sauti. Inaipata ikiwekwa kwenye saketi yenye volti zake, transfoma yake, mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili kuituliza) mwingi au kidogo, na spika yake. Mtu akisema "sauti ya EL34", mara nyingi anamaanisha Marshall nzima, kabati na spika humo humo. "Sauti ya EL84" nayo kwa wengi ni Vox AC30.

Halafu tofauti hiyo hujificha valvu zikifanya kazi kwa starehe, na hujitokeza zikibanwa. Kwa sauti safi na ya chini, hata mpiga gitaa mzoefu atapata taabu kutambua ni ipi inayolia. Ongeza sauti hadi valvu za nguvu zenyewe zianze kukwaruza, na kila moja itaonyesha tabia yake.

## Sauti zenyewe

4. 6L6 inasikikaje?

Besi imara isiyoyeyuka, trebo iliyo wazi, midi iliyorudi nyuma kidogo, na nafasi kubwa ya sauti safi kabla ya mkwaruzo kuanza. RCA waliitoa mwaka 1936. Toleo linalotumika zaidi kwenye gitaa ni 6L6GC, ambalo anodi yake (bamba la nje la kijivu) inastahimili wati 30 za joto. Fender Twin Reverb ina nne za aina hiyo na hutoa wati 85 hivi. Ukipiga gitaa la rumba au benga, ambako kila noti inatakiwa isimame peke yake hata vidole vikienda mbio, anzia hapa.

Usidhani lakini kwamba 6L6 ni ya wapole tu. Peavey 5150 na Mesa Boogie Dual Rectifier, ambazo wapiga metali wamezitumia miaka na miaka, zina 6L6. Mkwaruzo wote unatengenezwa kwenye hatua ya awali, na kazi ya 6L6 ni kuubeba bila besi kulegea.

5. Na EL34?

Midi iko mbele, na mkwaruzo unaingia kidogo kidogo kadiri unavyogonga nyuzi kwa nguvu. Ni pentodi halisi, yaani ina gridi tatu (nyavu za waya zinazoongoza elektroni), ilhali 6L6 ni tetrodi ya mwale, yaani haina gridi ya tatu bali ina mabamba yanayozibana elektroni ziwe mwale. Marshall Super Lead ya wati 100 ina EL34 nne, na roki nyingi ya Uingereza ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 imejengwa juu ya mngurumo huo. Kwenye bendi yenye kinanda na gitaa la pili, midi hiyo ndiyo inayokufanya usikike bila kupandisha sauti.

Ila itazame Hiwatt DR103. Nayo ina EL34 nne na wati 100, lakini inasifika kwa usafi na ugumu wa sauti. Valvu ni zile zile, saketi na transfoma ni nyingine. Anayekuambia EL34 lazima ikwaruze mapema muulize kuhusu Hiwatt.

6. EL84 ni EL34 ndogo?

Hapana, hayo majina yanadanganya. EL84 ni nyembamba, anodi yake inastahimili wati 12 tu, na inahitaji mawimbi madogo ili ifike mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo inaanza kukwaruza mapema, na trebo yake inametameta. Mbili hutoa wati 15 hadi 18 na nne hutoa 30 na kitu, kama kwenye Vox AC30.

Anayetaka kuisikia EL84 ikibanwa hadi mwisho amsikilize Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi iliyoimbwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. May hutumia AC30 zilizofunguliwa sauti yote, na mbele yake kifaa kidogo cha kuongeza trebo. Ubichi au ulaini wa sauti anautawala kwa nobu ya gitaa lenyewe.

Sehemu ya mmetameto huo haitoki kwenye valvu. AC30 haina mrejesho hasi kwenye hatua ya nguvu, na saketi ya namna hiyo huacha sauti ikiwa huru na yenye ukali fulani. Weka EL84 hizo hizo kwenye amplifaya yenye mrejesho mwingi na utasikia kitu kilichotulia zaidi.

7. 6V6 je?

Ni valvu ya wati 12 hadi 14 kwenye anodi, laini, tamu, yenye midi ya joto na mkwaruzo usio na kona kali. Fender Champ ina moja na hutoa wati 5 hivi. Deluxe Reverb ina mbili na hutoa zipatazo 22. Kwa kurekodi chumbani au kupiga ukumbi mdogo, binafsi naona hii ndiyo valvu inayopendeza mapema kuliko zote, kwa sababu unaifikia sehemu yake nzuri kabla majirani hawajagonga ukuta. Besi yake hulegea ukiizidishia, na anayepiga nyuzi nzito zilizoshushwa ataichoka haraka.

8. KT66, KT88 na 6550 zinaingia wapi?

KT66 ilitoka Uingereza mwaka 1937 na ni jamaa wa karibu wa 6L6, yenye mwili mnene kidogo. KT88, ya mwaka 1956, na 6550 ya Kimarekani ni za nguvu kubwa: besi ngumu, usafi mwingi, mkwaruzo unaochelewa sana. Ndiyo maana utaikuta 6550 kwenye Ampeg SVT ya gitaa la besi, sita kwa pamoja, wati 300. Katika miaka ya 1970 Marshall nyingi zilizopelekwa Marekani zilifungwa 6550 badala ya EL34, na wanaozijua husema zina ugumu na ukavu ambao ndugu zake wa Uingereza hawana. Kwa mpiga gitaa la kawaida asiye na ukumbi mkubwa, nguvu hiyo itabaki bila kazi.

9. Kwa nini Fender na Marshall za zamani zinasikika tofauti kama saketi ni moja?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa kuwa linaonyesha ni vitu vingapi vinabandikwa jina la valvu bila haki. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall kule London lilitoa JTM45. Saketi yake ilifuata karibu hatua kwa hatua Fender Bassman 5F6-A, ambayo Fender waliitengeneza kuanzia 1958 hadi 1960. JTM45 za mwanzo zilikuwa hata na valvu za nguvu za ukoo wa 6L6, yaani 5881. Baadaye zikaja KT66, kisha EL34.

Kilichobadilika ni nini, basi? Valvu ya kwanza ya hatua ya awali: Bassman ilikuwa na 12AY7, Marshall wakaweka ECC83 ambayo inakuza zaidi, hivyo hatua zinazofuata zilianza kubanwa mapema. Transfoma ya kutolea sauti ilikuwa ya Kiingereza. Spika zilikuwa nne za inchi 12 ndani ya kabati lililofungwa nyuma, wakati Bassman ilikuwa na nne za inchi 10 kwenye kabati lililo wazi nyuma. Kabati lililofungwa peke yake linatosha kubadilisha besi kuliko valvu yoyote uliyosoma hapo juu. EL34 zilipofika, sehemu kubwa ya kile tunachokiita sauti ya Marshall ilikuwa imeshazaliwa.

## Kinachoamua utasikia nini

10. Napiga nyumbani kwa sauti ya chini. Nitasikia tofauti?

Kidogo sana. Kwenye amplifaya yenye nobu ya geini na nobu ya sauti kuu, mkwaruzo unaousikia kwa sauti ya chini unatoka kwenye ECC83. Valvu za nguvu hapo zimepumzika. Kama hilo ndilo jambo lako, chagua amplifaya ya wati chache, ya EL84 au 6V6 moja, au tumia kipunguza nguvu kati ya amplifaya na spika. Wati 5 ndani ya chumba bado ni kelele, usije ukashangaa.

11. Nina pesa ya kitu kimoja: valvu mpya au spika mpya?

Spika. Isipokuwa valvu zako zimechoka kabisa, spika itabadilisha sauti kuliko kuhama kutoka kampuni moja ya valvu kwenda nyingine.

12. Wati 100 zina sauti mara mbili ya wati 50?

Hapana. Ni desibeli 3 tu zaidi, ongezeko linalosikika lakini la kiasi. Unachonunua hasa ni usafi na besi isiyolegea ukiongeza sauti.

13. Wauzaji wanasema AC30 ni "daraja A". Ndiyo siri yake?

Daraja A maana yake kila valvu inapitisha mkondo muda wote, na jina hilo limekaa kwenye matangazo miaka mingi. Ukiibana kwa sauti kubwa, valvu zake hupokezana kazi kama za daraja AB. Siri yake ni bayasi ya kathodi (tazama la 16) na kukosa mrejesho hasi (tazama la 6). Daraja A halisi utalikuta kwenye amplifaya yenye valvu moja ya nguvu, kama Champ.

## Kubadilisha valvu

14. Naweza kuchomoa 6L6 na kuchomeka EL34?

Zitaingia kwenye soketi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mambo matatu lazima yakubaliane kwanza.

La kwanza ni joto. 6L6GC inakula ampea 0.9 kwenye waya wa joto, EL34 inakula 1.5. Kwa valvu nne umetoka ampea 3.6 hadi 6, na transfoma ya umeme ambayo haikuundwa kwa mzigo huo itachemka. La pili ni pini namba 1. Kwenye EL34 hiyo ndiyo gridi ya tatu na inatakiwa kuunganishwa na kathodi (sehemu inayotoa elektroni), pini namba 8. 6L6 haiitumii, kwa hiyo mafundi wa Fender za miaka ya 1960 waliigeuza kuwa kituo cha kushikilia rezista ya gridi ya kwanza. Geuza chesisi ya Twin Reverb na utaiona rezista hiyo imekaa juu ya soketi, mguu mmoja pini 1, mwingine pini 5. Ukichomeka EL34 hapo, gridi ya tatu inapokea kitu ambacho si chake. La tatu ni bayasi (swali la 16).

Zipo amplifaya zilizotengenezwa zikiwa na swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili, kama baadhi ya matoleo ya Dual Rectifier. Kama yako haina swichi na kitabu chake hakisemi inawezekana, mpelekee fundi.

15. 6V6 na 6L6 je? Pini zinafanana.

Pini ndiyo, lakini 6L6 inakula umeme wa joto mara mbili ya 6V6. Kinyume chake ni kibaya zaidi: 6V6 kwenye amplifaya ya 6L6 itakutana na volti nyingi na transfoma isiyoifaa, na inaweza kufa usiku huo huo. EL84 haina mjadala, soketi yake ni nyingine.

16. Bayasi ni nini, na lazima irekebishwe kila nikibadilisha valvu?

Ni kiasi cha mkondo unaopita kwenye valvu hata kama hupigi gitaa, kama injini inavyozunguka gari likiwa limesimama. Mkondo ukiwa mdogo mno sauti inakuwa baridi na kavu. Ukizidi, valvu inachemka na maisha yake yanafupika.

Kwenye bayasi ya kathodi (AC30, Champ) amplifaya inajirekebisha kwa kiasi, na mara nyingi unabadilisha valvu za aina ile ile bila kugusa kitu. Kwenye bayasi isiyobadilika, yaani isiyojirekebisha yenyewe, fundi apime. Hesabu inayotumiwa na mafundi wengi ni asilimia 70 ya uwezo wa anodi, igawanywe kwa volti za anodi. EL34 ya wati 25 kwa volti 450: 25 × 0.7 ÷ 450, yaani mili-ampea 39 hivi. 6L6GC ya wati 30 kwa volti hizo hizo ni 47 hivi. Ichukulie hiyo kuwa dari. Ukipendezwa na sauti ukiwa chini yake, bakia huko na valvu zitakaa sana.

Usiingize mkono ndani ya amplifaya kwa sababu tu umeichomoa ukutani. Kapasita hubaki na mamia ya volti, na zinaua. Kama hujafundishwa kuzimaliza chaji, lipa fundi.

17. Lazima ninunue jozi zilizolinganishwa?

Kwa valvu za nguvu zinazopokezana kazi, ndiyo, nunua. Jozi isiyolingana huleta mvumo na upande mmoja kuchoka kabla ya mwingine. Kwa ECC83 usilipie.

18. Kampuni gani ni bora?

Leo valvu nyingi zinatoka sehemu chache: JJ kutoka Čadca, Slovakia, kiwanda cha Saratov, Urusi, kinachotoa Electro-Harmonix, Sovtek na pia majina ya kale yaliyofufuliwa kama Tung-Sol na Mullard, na China. Kwa hiyo chapa mbili zenye bei tofauti zinaweza kuwa zimetoka chini ya paa moja. Mullard mpya si ile ya Blackburn, Uingereza, hata kama nembo inafanana.

Valvu za zamani ambazo hazijatumika zina sifa yake, na baadhi zinastahili. Lakini bei imepanda hadi soko limejaa za kughushi na zilizotumika zikafutwa vumbi. Bila kipimo cha valvu mkononi, mimi nisingenunua.

## Hali za pembeni

19. Nimenunua amplifaya kutoka Marekani. Itafanya kazi kwa umeme wetu?

Si moja kwa moja. Kule ni volti 120 na hezi 60, hapa ni volti 230 au 240 na hezi 50. Angalia nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Kama haipo, utahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo zaidi ya ulioandikwa kwenye amplifaya. Kumbuka kwamba haibadilishi hezi, kwa hiyo transfoma ya ndani inaweza kuchemka kuliko ilivyokuwa kwao.

Umeme unaopanda na kushuka nao huingia kwenye sauti. Ukishuka sana, waya wa joto haupati volti 6.3 zake na amplifaya inalegea. Ukipanda, bayasi inapanda nao. Stabilaiza nzuri ni rafiki wa valvu kuliko chapa yoyote ya swali la 18.

20. Valvu inang'aa. Nizime?

Inategemea rangi na mahali. Rangi ya chungwa katikati ni waya wa joto, hiyo ni kawaida. Bluu inayocheza kwenye kioo ukigonga nyuzi haina madhara. Lakini bamba la nje la kijivu, ambalo ndilo anodi, likianza kuiva jekundu kama pasi ya mkaa, zima mara moja: bayasi imeharibika au valvu imekufa. Utando wa fedha juu ya kioo ukigeuka mweupe, hewa imeingia na valvu hiyo ni ya kutupa.

Kama inalia kengele au kupiga mluzi, igonge taratibu kwa penseli amplifaya ikiwa imewashwa. Ile ambayo mlio wa kugonga huko unatoka kwa nguvu kwenye spika ndiyo mgonjwa.

21. Naweza kuchomoa valvu mbili kati ya nne ili nipunguze nguvu?

Kwenye amplifaya nyingi za wati 100 zenye bayasi isiyobadilika, ndiyo, ukichomoa moja kila upande: mbili za nje au mbili za ndani. Usitoe mbili za upande mmoja. Kisha rekebisha omu (upinzani wa spika): kama spika ni ya omu 8, weka swichi kwenye 4. Kama hakuna swichi, kama kwenye Twin Reverb inayotarajia omu 4, tumia spika ya omu 8. Utapoteza desibeli 3 tu (tazama la 12), kwa hiyo usitegemee utulivu mkubwa.

Usifanye hivyo kwenye AC30. Valvu zake nne hutumia rezista moja ya kathodi. Ukitoa mbili, volti ya kathodi inayozuia mkondo wa zinazobaki inapungua na mkondo wake unapanda, na zitaanza kuiva kama ilivyoelezwa kwenye la 20.